Kuchemsha kwa Injini za Magari katika Wilaya za Nachingwea na Ruangwa: Mantiki ya Kutambua Chanzo kabla ya Kubadili Vipuri

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua chanzo cha kuchemsha kwa injini za magari, kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Hoja yake kuu ni kwamba kuchemsha ni dalili, si ugonjwa, na kwamba wakati na hali ambamo dalili hiyo hujitokeza hubainisha sehemu ya mfumo iliyoshindwa kabla ya kipuri chochote kufunguliwa. Makala yanaanza na usuli wa matumizi ya magari katika wilaya hizo, yanafafanua utendaji wa mfumo wa kupoza, yanapendekeza mpangilio wa vipimo unaoanza na vile vya gharama ndogo, kisha yanahakiki mazoea mawili yaliyoenea: kuondoa themostati na kujaza maji yoyote yapatikanayo. Inahitimishwa kwamba mazoea hayo, ingawa yana sababu zake za kiuchumi, huficha hitilafu ndogo mpaka igeuke kuwa kifo cha injini.

Istilahi muhimu: injini, kuchemsha, rejeta, themostati, silinda hedi, utambuzi wa hitilafu.

1.0 Utangulizi

Katika gereji za Tanzania, gari ambalo joto la injini yake limepita kiwango husemwa kuwa "limechemsha". Neno hilo ni fupi na linaeleweka na kila dereva, lakini hubeba hali tatu tofauti. Hali ya kwanza ni mshale wa geji ya joto kupanda kuelekea alama nyekundu. Hali ya pili ni maji kuchemka kwa kweli ndani ya mfumo na kutoka kama mvuke. Hali ya tatu ni injini kupoteza nguvu, kugonga au kuzima kwa sababu ya joto. Hali hizi hazifuatani kila mara. Mshale unaweza kupanda bila maji kuchemka, iwapo sensa ina hitilafu. Maji yanaweza kuchemka wakati injini ina joto la kawaida, iwapo mfuniko wa rejeta haushiki shinikizo. Na injini inaweza kuharibika ilhali mshale umelala chini, kwa kuwa maji yamekwisha na sensa haiguswi tena na kitu cha kupima.

Utata huu wa neno una gharama. Dereva anapomweleza fundi kwamba gari limechemsha, ametaja matokeo pasi na kutaja mazingira yake. Fundi naye, akiwa na abiria wanaosubiri na vipuri vinavyopaswa kuagizwa kutoka mji mwingine, hulazimika kuchagua kwa kukisia. Kipuri kilichoshindwa mwanzoni mara nyingi huwa cha bei ndogo: mfuniko, mkanda, mpira wa maji au fyuzi. Kisipotambuliwa mapema, joto hupinda silinda hedi, huunguza gasketi na hatimaye hukwangua pistoni na kuta za silinda. Kwa mmiliki wa gari moja la abiria, hasa aliyelinunua kwa mkopo, na kwa dereva anayepeleka hesabu kila jioni, tofauti kati ya hatua hizo mbili ni tofauti kati ya hasara ya siku moja na kupoteza riziki.

2.0 Usuli: magari, majira na mzigo

Historia ya mitambo ya moto Nachingwea inafungamana na mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 na kutekelezwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi ya mradi huo yalikuwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kuharibika kwa mitambo pamoja na uhaba wa vipuri na mafundi ni miongoni mwa sababu zinazotajwa za kushindwa kwake. Mradi uliachwa mwaka 1951. Reli iliyojengwa kuiunganisha Nachingwea na pwani ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo mazao, bidhaa na abiria wa eneo hilo wamekuwa wakitegemea barabara. Somo la miaka ile lingali na nguvu: mtambo uliopelekwa mbali na karakana hautegemei uimara wake tu, bali pia uwezo wa waliopo mahali pale kutambua kilichouharibu.

Majira ya mwaka yanaongeza uzito wa suala hili. Ukanda wa kusini una msimu mmoja mkuu wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Miezi ya Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijakolea, ni ya joto kali. Ni katika miezi hiyo hiyo korosho huvunwa na kuuzwa. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika zao hilo mwaka 2007, korosho hukusanywa katika vyama vya msingi na kusafirishwa kwenda maghala makuu kabla ya mnada. Katika Ruangwa, Nachingwea na Liwale, vyama hivyo vimeunganishwa chini ya chama kikuu cha RUNALI. Kwa hiyo malori hubeba mzigo mkubwa kuliko wakati mwingine wowote katika kipindi ambacho hewa ina uwezo mdogo kuliko wakati mwingine wowote wa kupoza injini.

Uzito wa jambo hili unaweza kukadiriwa. Rejeta hutoa joto kulingana na tofauti iliyopo kati ya joto la maji na joto la hewa inayoipitia. Maji yakiwa na nyuzijoto 95 za Sentigredi na hewa nyuzijoto 25, tofauti ni nyuzijoto 70. Hewa ikifika nyuzijoto 35, tofauti hushuka hadi nyuzijoto 60. Rejeta ileile, bila kuharibika popote, imepoteza karibu sehemu moja kwa saba ya uwezo wake. Rejeta iliyoziba kidogo ambayo haikuleta shida mwezi Julai huanza kuonyesha udhaifu wake mwezi Oktoba, na dereva huona kana kwamba hitilafu imezaliwa siku hiyo.

3.0 Utendaji wa mfumo wa kupoza

Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa nguvu ya kuendesha gari, theluthi nyingine hutoka na moshi, na sehemu kubwa ya theluthi iliyobaki huchukuliwa na maji ya kupoza. Injini inayotoa kilowati 40 inaweza kupeleka takribani kilowati 30 kwenye maji yake, sawa na joto la pasi za umeme 30 zenye kilowati 1 kila moja zinazofanya kazi kwa pamoja. Mfumo wa kupoza hauna muda wa kupumzika: mzunguko ukisimama kwa dakika chache tu, joto hilo hukosa pa kwenda.

Kazi hiyo hufanywa na vifaa vichache vinavyotegemeana. Pampu ya maji husukuma maji kupitia bloku na silinda hedi. Themostati, ambayo ni vali inayofunguka yenyewe kwa joto, huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wa kufanyia kazi, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 80 na 90. Mpira wa juu huyapeleka maji ya moto kwenye rejeta. Mpira wa chini huyarudisha yakiwa yamepoa. Feni huvuta hewa kupitia rejeta wakati gari liko taratibu au limesimama, na kava ya feni, yaani mzingo wa plastiki au bati unaoizunguka, huhakikisha hewa hiyo inapita kwenye rejeta yote badala ya kuzunguka palepale.

Kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko si kizibo tu, bali ni vali ya shinikizo. Mfuniko wenye alama ya 0.9, ambao ni wa kawaida katika magari mengi ya Kijapani, huruhusu shinikizo la ziada linalokaribia lile la hewa yenyewe. Kwa shinikizo hilo, maji matupu huchemka karibu nyuzijoto 118 badala ya 100. Chemchemi ya mfuniko ikilegea au mpira wake ukipasuka, akiba hiyo ya nyuzijoto 18 hupotea. Maji huanza kuchemka katika joto ambalo injini nzima ingelivumilia bila tabu, hutoka kupitia mpira wa akiba, na kiwango chake hushuka siku hadi siku pasipo tone kuonekana chini ya gari.

4.0 Swali la kwanza: injini huchemsha wakati gani?

Kila sehemu ya mfumo huhitajika zaidi katika hali fulani ya mwendo. Kwa mantiki hiyo, hali ambamo joto hupanda huonyesha sehemu iliyoshindwa. Swali hili halihitaji kifaa chochote, na dereva ndiye mwenye jibu.

4.1 Gari likiwa limesimama au likienda taratibu

Injini inayopanda joto stendi, kwenye mchanga au kwenye tope la masika katika gia ndogo, lakini ikapoa mara gari linaposhika kasi, huelekeza kidole kwenye feni. Kasi ya gari huleta hewa yenyewe; pasipo kasi, feni pekee ndiyo yenye wajibu huo. Kwa feni ya umeme, hukaguliwa fyuzi, rilei, sensa na mota. Kwa feni inayozungushwa na injini, hukaguliwa mkanda na klachi ya feni. Klachi iliyochoka huifanya feni izunguke kwa ulegevu hata injini ikiwa ya moto. Kava ya feni iliyoondolewa wakati wa matengenezo ya awali na kutorudishwa huleta dalili hiyo hiyo, na mara nyingi hakuna anayeikumbuka.

4.2 Gari likiwa na kasi, mzigo au mlima

Injini inayotulia inaposimama lakini ikapanda joto kwenye mwinuko au ikiwa na mzigo, huashiria upungufu wa uwezo wa rejeta au wa mtiririko wa maji. Rejeta inaweza kuwa imeziba kwa nje kutokana na vumbi, wadudu na mbegu za majani, jambo la kawaida kwa magari yanayopita barabara za vumbi zenye nyasi pembeni. Inaweza pia kuwa imeziba kwa ndani kutokana na kutu na ukoko wa chokaa. Mpira wa chini uliolainika hunywea ndani pampu inapovuta kwa nguvu, kisha hurudi katika umbo lake injini inapozimwa, kiasi kwamba ukaguzi wa gari lililosimama hauonyeshi kitu. Pampu yenye mapanga yaliyoliwa na kutu nayo huingia katika kundi hili.

4.3 Dakika chache baada ya kuwashwa

Joto likipanda mapema, kabla gari halijafanya kazi yoyote ya maana, sababu zinazotangulia ni upungufu wa maji, hewa iliyonaswa ndani ya mfumo baada ya kujazwa, themostati iliyokwama ikiwa imefunga, au gasketi ya silinda hedi inayopitisha gesi ya mwako kwenye maji. Themostati iliyofunga huacha alama iliyo wazi: mpira wa juu hubaki baridi ilhali injini ni ya moto.

4.4 Baada ya injini kuzimwa

Injini inapozimwa, pampu husimama lakini chuma hubaki na joto lake, na maji yaliyomo hupanda kwa muda mfupi. Mfumo mzima huvumilia hali hiyo kwa sababu una shinikizo. Maji yakisikika yakibubujika kwenye tangi la akiba kila baada ya kuzima, ilhali mshale ulikuwa mahali pake safari nzima, mfuniko ndio mtuhumiwa wa kwanza.

5.0 Mpangilio wa vipimo

Baada ya jibu la swali hilo kupatikana, vipimo hufuata kwa utaratibu wa gharama: vinaanza vile vya macho na mikono, vinafuata vya vifaa vidogo, na kufungua injini huwa hatua ya mwisho.

Kipimo cha kwanza ni kiwango na hali ya maji, injini ikiwa baridi kabisa. Maji yenye rangi ya kutu huonyesha kwamba mfumo umeishi bila kinga kwa muda mrefu. Utando wa mafuta juu ya maji, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, ni ishara ya mchanganyiko wa oili na maji, na huhamishia uchunguzi moja kwa moja kwenye gasketi na hedi.

Kipimo cha pili ni kuvuja. Pampu ya mkono yenye geji hufungwa mahali pa mfuniko na kujazwa mpaka shinikizo lililoandikwa kwenye mfuniko huo. Geji ikishuka ndani ya robo saa, maji yana njia ya kutokea. Mahali pasipokuwa na kifaa hicho, hutafutwa michirizi mikavu ya chokaa au kutu kwenye maungio ya mipira, chini ya pampu na pembeni mwa rejeta.

Kipimo cha tatu ni mgawanyo wa joto kwenye rejeta. Injini ikiwa imepata moto na kisha kuzimwa, uso wa rejeta hupimwa kwa kipimajoto cha mwanga kisichogusa, au kwa kiganja kinachokaribishwa kwa tahadhari, mikono ikiwa mbali na feni ya umeme kwa kuwa inaweza kujiwasha yenyewe. Joto linapaswa kupungua kwa utaratibu kutoka upande maji yanakoingia kuelekea yanakotokea. Mistari ya baridi katikati ya maeneo ya moto ni mirija iliyoziba.

Kipimo cha nne ni themostati. Hutolewa na kuning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji inayopashwa moto, pamoja na kipimajoto. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na joto lililochapwa juu yake na kufunguka kikamilifu baada ya nyongeza ya nyuzijoto zipatazo 10 hadi 15. Kipimajoto cha homa hakifai kwa kazi hii, kwa kuwa kipimo chake huishia nyuzijoto 42.

Kipimo cha tano ni gesi ya mwako kwenye maji. Injini ikiwa baridi, rejeta hujazwa hadi ukingoni, mkanda wa pampu hutolewa, na injini huwashwa kwa muda usiozidi dakika moja. Kwa kuwa pampu haizunguki, mapovu yanayotoka mfululizo hayawezi kusingiziwa msukosuko wa maji. Ni gesi inayopenya kutoka kwenye silinda. Njia hii haitumiki kwa injini ambazo pampu yake huzungushwa na mkanda wa taimingi. Kwa injini hizo hutumika kimiminika cha buluu kinachobadilika rangi kinapokutana na gesi ya mwako, au huchunguzwa kama mpira wa juu unakuwa mgumu kwa shinikizo muda mfupi tu baada ya injini baridi kuwashwa, kabla maji hayajapata moto wa kuleta shinikizo hilo.

Hedi haipaswi kufunguliwa kabla vipimo hivi havijaielekeza. Aidha, ikifunguliwa, kubadili gasketi pekee hakutoshi. Aluminiamu hutanuka kwa joto takribani mara mbili ya chuma cha kusubu, na hedi nyingi ni za aluminiamu zilizokaa juu ya bloku la chuma. Hedi iliyopata joto kupita kiasi huelekea kupinda. Uso wake hupimwa kwa rula iliyonyooka na vipande vya kupimia nafasi, na ukizidi kiwango cha mtengenezaji hupelekwa kusawazishwa kwa mashine. Gasketi mpya juu ya uso uliopinda huungua tena.

6.0 Kuondoa themostati

Ni mazoea ya muda mrefu katika gereji nyingi kuitoa themostati na kuitupa pindi gari linapochemsha. Mazoea hayo hayakuzuka bila sababu. Themostati ikikwama imefunga, kuitoa huliokoa gari lililo njiani, na kipuri halisi kinaweza kuchukua siku kadhaa kufika. Kama msaada wa dharura, hatua hiyo ina utetezi. Tatizo huanza dharura inapogeuka kuwa kanuni.

Injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto. Mafuta mengi zaidi hutumika, oili hukusanya unyevu na uchafu, na silinda huchakaa upesi zaidi. Lililo zito kwa utambuzi ni kwamba maji hupata joto kwa kuchelewa, hivyo rejeta iliyoziba nusu huonekana kana kwamba imepona. Hitilafu haijaondoka, imesogezwa mbele mpaka siku ya mzigo mkubwa na jua kali. Siku hiyo ikifika, akiba iliyokuwepo imeshatumika.

Tena, katika injini nyingi themostati ina sahani ya pili kwa chini inayoziba njia ya mkato wakati vali kuu inapofunguka. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye bloku bila kupita kwenye rejeta. Katika injini za namna hiyo, tiba iliyokusudiwa kushusha joto hulipandisha.

7.0 Maji yanayojazwa

Maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa kulanti. Kwa hiyo ubaya wa kutumia maji pekee haumo katika uwezo wake wa kupoza, bali katika kile yanachokiacha nyuma. Kulanti hupandisha kiwango cha kuchemka na, lililo muhimu zaidi, hukinga chuma na aluminiamu dhidi ya kutu. Maji magumu ya kisima huacha ukoko wa chokaa mahali penye joto kali, yaani kandokando ya silinda na ndani ya hedi. Ukoko huo hupitisha joto kwa shida mara ishirini au zaidi kuliko chuma. Unene wa milimita 1 unatosha kuifanya sehemu ya hedi iungue ilhali geji, inayopima maji na si chuma, haionyeshi lolote la kutisha.

Pale kulanti iliyokwisha kuchanganywa inapokosekana, maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi, baada ya mvua za mwanzo kuosha paa, ni bora kuliko ya kisima kwa kuwa hayana chokaa. Huchanganywa na kulanti nzito kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Maji yaliyokenekwa yanayouzwa kwa ajili ya betri pia yanafaa, mradi ihakikishwe kwamba si asidi ya betri, kwani bidhaa hizo mbili huweza kuchanganywa kwa jina.

8.0 Usalama wakati wa tukio

Ajali mbaya hutokea dereva anapofungua mfuniko wa rejeta ya moto ili aone maji yamebaki kiasi gani. Hesabu rahisi huonyesha ukubwa wa hatari. Mfumo wenye lita 7 za maji ya nyuzijoto 118 ukiondolewa shinikizo ghafla, takribani asilimia 3 ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hujaza zaidi ya lita 350. Mvuke huo husukuma maji yaliyobaki yaruke kuelekea uso na mikono ya aliyefungua. Kitambaa kilichowekwa juu ya mfuniko hakizuii nguvu hiyo.

Gari linapaswa kusimamishwa mahali salama mara mshale unapopanda, mzigo wa injini upunguzwe na kiyoyozi kizimwe. Iwapo maji yamekwisha au mvuke unatoka, injini huzimwa na kuachwa kwa muda usiopungua nusu saa, mpaka mpira wa juu ubonyezeke kwa urahisi na usiwe wa moto mkononi. Maji ya baridi hayamwagwi juu ya injini wala kumiminwa kwa wingi ndani yake ingali ya moto, kwa sababu chuma hupasuka kwa badiliko la ghafla la joto. Mshale unaoshuka wenyewe katikati ya mlima, bila dereva kupunguza chochote, usichukuliwe kuwa nafuu. Yawezekana maji yameshuka chini ya sensa.

9.0 Mfano wa ufuatiliaji

Chukuliwe mfano wa kufikirika wa basi dogo la dizeli linalofanya safari kati ya Nachingwea na Ruangwa. Dereva anaeleza kwamba mshale hupanda kwenye miinuko likiwa limejaa, hurudi kwenye tambarare, na kwamba huongeza lita moja ya maji kila wiki. Likisimama stendi, mshale hautikisiki. Themostati iliondolewa mwaka uliotangulia.

Maelezo hayo pekee yanaiondoa feni katika orodha ya watuhumiwa. Oili ni safi na rejeta haina uchafu wa nje. Pampu ya shinikizo haionyeshi kuvuja, lakini mfuniko wenyewe ukipimwa hufunguka kabla ya alama yake. Uso wa rejeta una mistari ya baridi upande wa chini. Kipimo cha mapovu hakionyeshi gesi. Hitimisho ni hitilafu mbili zilizoungana: mirija iliyoziba, inayopandisha joto kwenye mlima, na mfuniko uliochoka, unaoruhusu maji kutoka joto hilo linapopanda. Tiba ni kufungua rejeta na kuzibua mirija, kununua mfuniko wenye alama sahihi, kurudisha themostati na kujaza maji laini yenye kulanti.

Laiti kazi ingeanzia kwenye vipuri, pampu na gasketi zingebadilishwa kwanza, kwa kuwa ndizo hutajwa zaidi gari linapopoteza maji bila kuvuja. Gharama ingekuwa kubwa, mlima ungebaki palepale, na dereva angekata shauri kwamba injini yenyewe haifai.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utambuzi wa kuchemsha kwa injini hautegemei kwanza wingi wa vifaa, bali mpangilio wa maswali. Wakati joto linapopanda hutenganisha feni na rejeta, mfuniko na gasketi. Vipimo vya gharama ndogo huthibitisha au hukanusha. Na kufungua injini hubaki kuwa hatua ya mwisho. Mazoea ya kuondoa themostati na kujaza maji yoyote huvuruga mpangilio huo kwa kuficha dalili ambayo ndiyo ushahidi pekee alio nao fundi.

Kwa wilaya ambazo mavuno yake husafirishwa katika miezi ya joto kali, inapendekezwa kwamba ukaguzi wa mfuniko, mipira, mkanda na usafi wa rejeta ufanyike kabla ya mwezi Oktoba, malori yakiwa bado matupu. Vilevile, mafunzo ya ufundi wa magari yanapaswa kumzoeza mwanafunzi kumhoji dereva kabla ya kushika spana. Swali la wakati gani gari lilichemsha halina gharama, na majibu yake hupotea mara kipuri cha kwanza kinapobadilishwa.